Elimu ya Steji

Leo nataka tuzungumzie watafiti wa usafiri, na nakuomba usihamie stesheni nyingine bado. Najua neno utafiti likitajwa, wengi wetu tunawaza semina ya hoteli, chai ya saa nne na ripoti nene inayoishia kabatini. Utafiti ninaotaka kukusimulia ulifanyika ndani ya matatu, magoti yakigongana, spika zikinguruma, na abiria wa nyuma akidai chenji yake.

Chukua mtu anayeishi Kawangware ambaye amepata kibarua Buruburu. Atafikaje? Mwenyeji wa Nairobi atakujibu bila kufikiri: panda 46 hadi mjini, shuka, katiza mji kwa miguu, tafuta 58. Mgeni hana jibu hilo, kwa hiyo atauliza. Atamwuliza muuza magazeti, muuza magazeti atamwelekeza kwa makanga, na makanga atamwambia "ingia twende" hata kama gari lake haliendi huko. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa ramani ya usafiri wa umma Nairobi: mdomo wa mtu. Hata namba zenyewe, nyingi zilirithiwa kutoka kwa mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza kubeba watu jijini mwaka 1934. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni walizokuwa wakitakiwa kuwa nazo wenye mabasi, na kuanzia hapo biashara ikafumuka. Mabasi ya kampuni hatimaye yakapungua, namba zikabaki barabarani na watu wakazishika kichwani.

Serikali ilikuwa na orodha za leseni, ni kweli. Kila gari la abiria hupewa leseni ya njia. Lakini karatasi ya leseni haikuambii gari linakata kona wapi likiona foleni, linasimama wapi pasipo na kibao, wala ni magari mangapi ya Sacco tofauti, yaani vyama vya wenye matatu, yanayokimbizana barabara moja huku mtaa wa pili watu wanatembea. Mpangaji wa mji aliyetaka kujua hayo alipaswa kufanya kama yule mgeni: aulize.

Mwaka 2012 hivi, walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Dan Orwa na Peter Wagacha, wakaungana na Jacqueline Klopp wa Chuo Kikuu cha Columbia, Sarah Williams wa MIT na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot. Waliita mradi wao Digital Matatus. Jambo lenyewe halikuhitaji mitambo ya ajabu. Wanafunzi walipewa simu za kawaida zenye programu ya kurekodi mahali, wakaambiwa wapande matatu kutoka steji ya kwanza hadi ya mwisho, kisha warudi.

Fikiria kazi hiyo kwa karibu. Mwanafunzi anakaa dirishani ili simu ishike setilaiti vizuri. Gari likisimama, anabonyeza. Simu inaandika mahali alipo. Halafu anatakiwa aandike jina la kituo, na hapo ndipo kasheshe inapoanza, kwa sababu vituo vyetu vingi havina kibao. Vina majina ambayo makanga huyapigia kelele mara moja tu, upesi, akiwa ananing'inia mlangoni. Kituo kinaweza kuitwa kwa jina la kanisa, la baa, la mti uliokatwa zamani, au la kampuni ya petroli iliyokwisha kuuza pampu zake kwa kampuni nyingine na bado watu wanashukia "hapo" kwa jina la kwanza. Mwanafunzi lazima amwulize makanga. Makanga naye ana haraka, na anashangaa huyu kijana na simu yake ni wa nini. Ni askari wa kificho, ni mwizi, au ametumwa na tajiri kuhesabu abiria? Kisha kuna suala la simu yenyewe. Nairobi, kukaa dirishani na simu mkononi ni ujasiri wa aina yake.

Hivyo ndivyo zilivyoandikwa njia zaidi ya 130 na vituo vinavyokaribia 3,000.

Baada ya hapo likaja tatizo ambalo mimi binafsi ndilo linalonivutia zaidi katika kisa chote hiki. Kuna utaratibu wa kuandika taarifa za mabasi unaotumika dunia nzima, ambao kwa kifupi huitwa GTFS. Ulizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Portland, Marekani, kwa ushirikiano wa shirika la usafiri la pale na Google. Ukiandika taarifa zako kwa utaratibu huo, programu yoyote ya simu inaweza kuzisoma na kumwambia abiria apande gari gani. Ni jambo zuri sana. Lakini ulibuniwa na watu ambao basi lao huondoka saa mbili na dakika kumi na saba, liwe limejaa au lina mtu mmoja na mbwa wake. Matatu huondoka ikijaa. Utaandika vipi "ikijaa" kwenye safu ya saa? Utaandika vipi nauli ambayo ni shilingi hamsini jua likiwaka na mia moja wingu likifunga? Utaweka wapi steji ambayo ni steji mpaka askari wa kaunti watokee?

Watafiti wakalazimika kuukunjakunja utaratibu ule uingie kwenye maisha yetu. Badala ya saa ya kuondoka wakaweka makadirio ya kila baada ya muda gani magari hupita. Vituo visivyo rasmi wakavihesabu kuwa vituo, maana abiria anashukia hapo, na kama anashukia hapo basi ni kituo. Mambo mengine, kama nauli ya mvua, hayakupata pa kuwekwa. Napenda ukweli huo usifichwe, kwa sababu unatufundisha kwamba ujuzi ukitoka ng'ambo huja na desturi za ng'ambo ndani yake, na ni juu ya mwenyeji kusema: hapa panatubana, pasueni mshono.

Ramani ilitolewa Januari 2014. Ilichorwa kwa mistari ya rangi kama zile ramani za treni za chini ya ardhi za London au New York, na mtu aliyeitazama kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo kila abiria alilijua kwa miguu yake bila kulijua kwa macho: karibu kila mstari unaelekea katikati ya jiji. Mistari inarundikana kwenye barabara za Tom Mboya, Ronald Ngala na River Road mpaka rangi zinapoteza maana. Njia za kuunganisha mtaa na mtaa, bila kupitia mjini, ni chache mno. Yule mtu wetu wa Kawangware anakokotwa hadi mjini, pamoja na maelfu wasio na shughuli yoyote mjini, ili tu abadilishe gari.

Watu wa matatu wenyewe walipoonyeshwa ramani hiyo, hawakuanza kubishana kuhusu nani ana haki ya steji gani, ugomvi ambao ndio huwa ajenda yao kuu. Walianza kuzungumza juu ya njia mpya ambazo zingeweza kufunguliwa. Mtu wa matatu ni mfanyabiashara, anaona pengo, anaona pesa. Miaka mingi tumewaambia watu wa matatu wawe na nidhamu, wafunge mikanda, wapake mstari wa manjano; hapo kwa mara ya kwanza mtu aliwapa taarifa, wakafikiri kama wapangaji wa mji.

Mwaka 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Na kwa kuwa taarifa ziliachwa wazi, yeyote azichukue, na namna ya kuzikusanya ikaelezwa bila kufichwa, miji mingine ikaiga. Kairo walichora mabasi madogo yao, Akra wakachora trotro, Maputo wakachora chapa. Hata Managua, mji mkuu wa Nicaragua huko Amerika ya Kati, vijana walipanda mabasi na simu zao wakatengeneza ramani ya kwanza ya mabasi ya mji wao, wakitazama mfano wa Nairobi. Tumezoea kusikia ujuzi ukitoka huko kuja huku. Hapo ulitoka kwenye kiti cha matatu ukavuka Atlantiki.

Sasa nikupe utafiti mwingine, mdogo kwa gharama, mkubwa kwa matokeo. Unakumbuka kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, za mwaka 2004, zile za vidhibiti mwendo na mikanda. Zilileta utulivu kwa muda, halafu vidhibiti vikaanza kuchezewa na mikanda ikawa ya kufungwa mbele ya askari tu. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, wakajiuliza swali la upande wa pili: vipi kuhusu watu kumi na wanne walioketi nyuma ya dereva? Wao ndio watakaokufa. Kwa nini wananyamaza?

Wakatengeneza vibandiko. Vibandiko tu, msikilizaji, vya Kiswahili na Kiingereza, vinavyomwambia abiria aseme dereva akiendesha vibaya, vikabandikwa ndani ya matatu za safari ndefu pale abiria anapoviona. Magari yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mengine yakapewa, mengine hayakupewa. Ili dereva asivibandue, kukawa na zawadi za kila wiki kwa bahati nasibu kwa wale waliokutwa navyo bado. Kisha watafiti wakaenda kwenye kampuni za bima na kuomba waone madai ya ajali. Taarifa hizo zilikuwa zimekaa kwenye mafaili miaka yote. Hakuna aliyekuwa ameziuliza swali hilo.

Katika utafiti wa kwanza, madai kwenye magari yenye vibandiko yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio liliporudiwa kwa maelfu ya magari, upungufu ukawa kati ya robo na theluthi moja. Mimi nauamini zaidi huo wa pili, na namheshimu zaidi mtafiti aliyerudi kupima tena na kutangaza namba ndogo kuliko ile ya kwanza. Robo ya ajali kwa karatasi yenye gundi si jambo la kudharau. Baadaye kampeni ikatambulika kwa jina la Zusha, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ikaiunga mkono.

Ukiniuliza kwa nini ilifanya kazi, nitakuambia haikumfundisha abiria kitu kipya. Kila abiria anajua dereva akipita gari kwenye kona ni hatari. Alichokosa ni idhini. Kumwambia dereva "punguza mwendo, sisi si magunia" ukiwa peke yako ni kutafuta matusi. Kikiwepo kibandiko, unasoma tu kilichoandikwa, na jirani anaitikia.

Kuna na utafiti wa Twita. Ma3Route ilianza mwaka 2012 kama mahali pa kupeana habari za foleni Nairobi: Mombasa Road haisongi, Waiyaki Way kuna lori limelala. Watafiti wa Benki ya Dunia wakachukua ujumbe wa miaka mingi, wakatengeneza programu ya kusoma lugha yetu hiyo ya mseto na kutambua ni wapi panapotajwa, wakapata zaidi ya taarifa 30,000 za ajali zenye mahali pake. Lakini je, ni kweli? Mtu anaweza kuandika chochote. Basi wakawa wanatuma mpanda pikipiki wa kupeleka vifurushi, dakika chache baada ya ujumbe kuingia, aende akaangalie kama kweli kuna ajali. Naipenda picha hiyo: kompyuta inadai, mtu wa pikipiki anathibitisha. Ramani ya ajali iliyotokana na hapo inaonyesha kwamba ajali hujirundika mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Nawe pengine unapajua pa mtaani kwako bila kompyuta.

Ngoja tuvuke mpaka twende Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko nilikotaka kufika.

Mwendokasi wa Dar, yaani mfumo wa mabasi yaendayo haraka, ni mtoto wa ujuzi wa kupeana, na nasaba yake inajulikana. Curitiba, Brazili, walianza kulipatia basi njia yake peke yake mwaka 1974. Bogotá, Kolombia, wakachukua wazo hilo, wakalikuza, na mwisho wa mwaka 2000 wakafungua TransMilenio. Tanzania nayo ikajifunza kutoka huko: njia katikati ya barabara, jukwaa lililoinuliwa ili mama mwenye mtoto mgongoni asipande ngazi, nauli inayolipwa kabla ya kupanda. Wakala wa DART ukaundwa mwaka 2007, na Mei 2016 mabasi yakaanza kukimbia kwenye njia ya kilomita zipatazo 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo. Waliokuwa wakitumia saa mbili za daladala kutoka Kimara wakaanza kufika mjini kabla chai haijapoa. Mwaka 2018 Dar ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu, na mwaka huo huo wapangaji miji wa nchi mbalimbali wakakusanyika pale kutazama.

Na mimi nasifu jambo moja dogo ambalo wageni hawakuliona. Vituo viliachiwa majina ya daladala. Kimara Mwisho, Bucha, Baruti, Ubungo Maji, Tip Top, Magomeni Mapipa, Fire. Hakuna aliyelazimika kujifunza mji wake upya.

Lakini kuna Jangwani. Ukishuka Magomeni kuelekea Fire, barabara ya Morogoro inaingia kwenye bonde la mto Msimbazi. Kila mzaliwa wa Dar anajua bonde lile hufanya nini mvua za masika zikikaza. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao arobaini jijini, na Serikali ikazihamisha familia za mabondeni, nyingine kutoka pale pale Msimbazi, ikazipeleka Mabwepande. Halafu, katika bonde hilo hilo, ikajengwa karakana kuu ya mabasi ya mwendokasi. Mvua zimekuja, maji yameingia karakanani, mabasi yamezama, na kila mara Jangwani pakifungwa mstari wote unakatika katikati. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa bonde la Msimbazi, ambao ndani yake kuna daraja la juu zaidi na kuihamisha karakana hiyo.

Ujuzi wa Bogotá ulivuka bahari mbili ukafika salama. Ujuzi wa Jangwani ulikuwa pale pale, kwa muuza mboga, kwa dereva wa daladala aliyekuwa akigeuza gari Magomeni akiona maji yamefika kiwango fulani. Haukuhitaji tiketi ya ndege. Sisemi wahandisi hawakujua maji hushuka bondeni. Nasema kwamba katika miradi yetu kuna ujuzi unaolipiwa posho na ujuzi usiolipiwa, na huu wa pili husikika pale tu maji yakiwa kiunoni.

Tusilaumu wageni peke yao. Vyuo vyetu vina watu. Mwaka 2008 vyuo vikuu vya Cape Town, Dar es Salaam na Nairobi viliunda kituo cha pamoja cha kutafiti usafiri wa umma, pamoja na kutembea na baiskeli. Kutembea, narudia, kwa sababu Nairobi karibu watu wanne kati ya kumi huenda kwa miguu, na mtu wa miguu ndiye anayesahaulika kwanza bajeti ikipunguzwa. Tafiti zimeandikwa. Mwaka 2017 peke yake vilitoka vitabu viwili vizito: kimoja cha Mkenya Kenda Mutongi juu ya historia ya matatu za Nairobi, kingine cha Matteo Rizzo juu ya daladala za Dar na watu wanaozifanyia kazi. Rizzo anaeleza jambo ambalo kila deiwaka, yule kibarua wa siku wa daladala, anaweza kukusimulia: dereva na kondakta hawana mkataba, tajiri anataka hesabu yake jioni, kinachobaki ndicho cha kwao, na kutoka hapo ndipo hutokea mwendo wa kasi, kujaza gari kupita kiasi na kukataa wanafunzi wa nauli pungufu. Mwenye kulijua hilo hawezi tena kudhani kwamba dawa ya mwendo ni kumtolea dereva mahubiri. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa na vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza. Kondakta aliyehojiwa hatavisoma. Na ofisa wa kaunti, tuseme ukweli, naye hatavisoma. Atasoma muhtasari wa mshauri, kama umeandikwa kwa herufi kubwa.

Ndiyo maana nasema redio hii ina kazi. Matokeo ya utafiti wa usafiri yangetakiwa yasomwe hapa, kwa Kiswahili, asubuhi watu wakiwa kwenye foleni, kisha simu zifunguliwe na abiria wakosoe. Wangekosoa sana. Wangesema njia hiyo ilihama mwezi uliopita, kituo hicho kimebomolewa, Sacco hiyo siku hizi haifiki huko baada ya saa moja usiku. Masahihisho hayo mtafiti huyalipia pesa nyingi kuyapata.

Na masahihisho ndiyo yanayokosekana. Ramani ya mwaka 2014 ilikuwa ya kweli mwaka 2014. Tangu hapo Nairobi imejengwa barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, steji zimehamishwa, mitaa mipya imeota Ruai na Kitengela, na namba nyingine zimebaki kwenye bango la gari tu. Wafadhili wa utafiti hupenda uzazi, hawapendi malezi. Kuna fedha za kuchora ramani ya kwanza na kuizindua kwa picha; fedha za kumlipa mwanafunzi arudi kwenye 46 kila baada ya miezi sita ni ngumu kupatikana, ingawa ni kidogo mno: nauli, simu na chakula cha mchana. Wengine wakafikiri kampuni binafsi zitalea. Kampuni ya WhereIsMyTransport, iliyoanzia Afrika Kusini, ilikusanya taarifa za mabasi madogo katika miji mingi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa weledi mkubwa. Mwaka 2023 ilikosa mtaji ikafunga. Ujuzi wa mamilioni ya abiria ukabaki ukining'inia kwenye hatima ya duka moja.

Hoja hiyo inakuwa nzito zaidi sasa kwa sababu ya mabasi ya umeme. Tangu mwaka 2022 yanaonekana Nairobi, na kwa Kenya yana maana kuliko kwa nchi nyingi, maana umeme wetu, takriban asilimia 90, unatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Basi la namna hiyo halitoi moshi barabarani, na umeme wake pia hautoki kwenye makaa ya mawe. Lakini muulize mwenye matatu swali ambalo muuza basi la umeme lazima aulize: gari lako hutembea kilomita ngapi kwa siku? Atakuambia target ni shilingi ngapi. Atakuambia dizeli ya shilingi ngapi. Kilomita hajui, hakuwa na sababu ya kujua. Na betri haijui shilingi, inajua kilomita. Kampala, Innocent Ndibatya na Thinus Booysen, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, walifuatilia matatu kwa vifaa vya setilaiti na kuona zinapopita na muda mrefu zinaokaa kwenye steji zikingoja abiria. Muda ule ambao tajiri huuona ni hasara, kwa basi la umeme unaweza kuwa muda wa kuchaji. Utajua wapi pa kuweka chaja kama hujui magari hungoja wapi?

Sasa basi la umeme lenyewe hujihesabu. BasiGo, kampuni inayoyaleta Nairobi na sasa Kigali, humtoza mwenye gari kwa kila kilomita anayoendesha, na ili imtoze lazima ijue kila kilomita. Kile ambacho wanafunzi walikikusanya kwa miezi, wakibanwa dirishani, gari litakiandika lenyewe kila siku bila kumwuliza makanga chochote. Taarifa hizo zitakuwa za nani? Za kampuni, za Sacco, za benki iliyokopesha, au za kaunti inayotakiwa kuamua nguzo za umeme na karakana zijengwe upande gani wa mji? Leseni za njia hutolewa na NTSA. Kipengele kimoja kwenye leseni, kinachomtaka mwenye gari aweke wazi njia anayopita na idadi ya safari zake, bila majina ya watu na bila siri ya mapato yake, kingetosha kuanzia. Kiandikwe sasa, mabasi ya umeme yakiwa bado machache. Yakishakuwa maelfu, kila mhusika atakuwa na wakili.